Kilo Arobaini na Mbili

Daftari la Simbeye lilipenda ufutio:
arobaini na mbili inalala, inaamka thelathini na nane.
Sasa mizani ya ushirika, Vwawa, inaandika yenyewe,
pete ndani ya pete, hafuti mtu.
Nimefurahi. Usiseme sikufurahi.

Ila jana mnunuzi, asiyeijua baridi yetu ya Juni,
kapiga simu: deni la mbolea nimelipa?
Na Tumpe, kifua kimepoa?

Kifua cha mwanangu nilimtajia katibu peke yake,
aniongeze mwezi.

Mheshimiwa unayetunga sheria,
gunia langu lifuatwe, shamba hadi meli, waone wote.
Mimi nisifuatwe.
Penseli ilinipunja, lakini ilisahau.
Hiki chuma hakisahau.
Kabla hakijaandika,
kiniulize.