Mizani Haijipimi

Alhamisi, jua halijakaa sawa kitwani,
mnunuzi wa vyuma aliingia kichochoro chetu cha Kuze
akigonga sufuria kwa msumari:
Vyuma kuukuuu! Betri! Shaba!
Nikamwita. Nilikuwa nimeshakata shauri.

Mwanasiti, binti yangu, kaleta vitu vya kubonyeza,
cherehani inayoshona bila kukohoa,
pasi nyepesi kama sahani ya plastiki.
"Mama, haya madude yako yatatuua kwa kutu."
Basi nikayapanga barazani
kama wagonjwa foleni ya Makadara.

Pasi ya makaa ikawa ya kwanza.
Juu ya kifuniko jogoo wa shaba, mdomo wazi,
miaka arobaini anawika moshi.
Usiku wa kuamkia Idi, nikinyoosha kanzu za watu,
matundu ya ubavuni yalikuwa mekundu, saba huku, saba huku,
ungedhani meli imetia nanga mezani
na abiria wote wako macho.

"Kilo tatu kasorobo," alisema Chengo,
hilo ndilo jina lake, Chengo, mtu wa Kisauni,
kaning'iniza mizani yake kwenye boriti yangu.

Kisha stovu. Tumbo la shaba,
miguu mitatu kama ya panzi.
Unasukuma pampu, unasukuma, unasukuma,
inavuta pumzi, halafu inanguruma buluu.
Marehemu Shekue, aliyekula ujana wake karakana ya reli,
aliniambia: hili nalo ni gari la moshi,
ila halina pa kwenda,
ndiyo maana limekubali kupika.

Mita ya maji niliikuta imetupwa.
Niliifungua kwa bisibisi, kwa umbea tu.
Ndani mna vigurudumu kama punje za mtama
vimeng'atana meno kwa adabu,
vinangoja maji yasiyofika tangu Shaabani.
Ningevicheka, lakini na mimi nina ndoo sita uani
zinazongoja maji hayo hayo.

Cherehani ilikuja mwisho, kwa kuwa ni nzito.
Tuliilaza ubavu. Sijapata kuona
kitu kizee kilichojipanga hivi tumboni:
fimbo inamsukuma jirani, jirani anamgusa mwenziwe,
hadi ncha ya sindano inainama, inainuka,
na hakuna aliyemwita mwenzake mvivu.
Mafuta yamekauka rangi ya asali.

Chengo alikuwa anataja bei. Sikumsikia.
Nilikuwa natazama mizani yake:
uso wa shaba uliochubuka, mshale mmoja mwembamba,
na ule mtetemo wake kabla ya kusema neno,
kama shahidi anayemwogopa Mungu.

"Na hii je?"
"Hii ipi?"
"Hii. Wauza ngapi?"
Alicheka hata mkufu wa baiskeli ukamponyoka begani.
"Mama, mizani haijipimi."

Lakini aliishusha. Akatoa skrubu nne kwa ukucha
(zilikuwa zimeshazoea), akafunua mgongo.
Springi, na ufito wenye meno
unaozungusha gurudumu moja, moja tu,
dogo kama kishikizo cha shati.
Kilo zote za Mombasa zimepita hapo.
"Siku biashara ikilala," alisema polepole,
"naifungua. Sitengenezi kitu. Naitazama tu."

Hivyo ndivyo Mwanasiti alivyotukuta,
vichwa vimekutana, tumechutama
kama watoto waliofukua shimo la kaa.
"Vimekwenda?"
"Betri mbili na bati la uani."
"Na haya?"
Nilikuwa nimeshainuka kutafuta kiberiti cha stovu.

Alishusha pumzi ndefu, ya mtoto aliyemzaa mamake.
Kisha, sijui shetani gani kamgusa,
akachukua simu yake, ile yenye dunia nzima ndani,
akaitia katika kifuko cha plastiki, akaitundika ndoanani.
Mshale ulitikisika upana wa unywele,
ukarudi kulala.

"Hiyo," Chengo alisema, "sinunui."