Tripu Thelathini na Moja

Mimi ndimi karani. Kazi yangu kuandika
yanayosemwa, si yanayomezwa,
ingawa chumba kile cha ghorofa ya pili, Mbale,
Jumanne ile, kilijaa ya kumezwa.

Upande wa dirisha, mkandarasi Wopuwa,
leseni daraja la tatu, tai iliyofungwa na mtu mwingine,
viatuni vumbi jekundu la barabara ambayo hakuimaliza.
Upande wa mlango, Bi Agiripina Nabifo
wa machimbo ya Namabasa, mponda kokoto.
Kidole gumba chake cha kushoto hakina ukucha:
nyundo iliuchukua mwaka ule wa mvua nyingi,
na nyundo haikuandikiwa barua ya onyo.

Mwenyekiti akauliza: mna ushahidi?
Wakala wa saruji alikuwa na ankara za mihuri mitatu.
Mwenye mbao alikuwa na wakili.
Nabifo akafungua daftari la shule la mjukuu.
Mbele, hesabu za kujumlisha, wino mwekundu wa mwalimu;
nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi, vijiti:
kijiti kimoja, tipa moja. Vinne vimesimama,
cha tano kimelala juu yao kama mgonjwa aliyebebwa.
Thelathini na moja. Nilivihesabu mara mbili.
"Kama nimekosea," alisema, "kabomoeni ukuta mhesabu."

Hakuna aliyecheka. Niliandika:
Mlalamikaji ametoa daftari.

Wopuwa akasimama. Hakukana.
Hilo ndilo lililotutatiza; tumezoea wanaokana.
Alisema wilaya haijamlipa tangu msingi,
kwamba cheti cha malipo kimelala juu ya meza fulani,
meza ina mwenyewe, mwenyewe ana safari,
kwamba aliuza pikipiki, kisha mashine ya zege,
kisha akaacha kupokea simu
kwa sababu kila mlio ulikuwa na jina la mtu.
"Mimi," alisema Nabifo, "nilikupigia kwa salio la mkopo."

Dawa ya deni kulipa: hata mtoto anajua.
Sisi baraza hatuna dawa hiyo kabatini.
Tuna onyo, tuna faini, tuna kufungia.
Tukaenda faragha, tukanywa chai,
tukarudi na kifungu cha kumi na nne, aya ndogo ya tatu:
leseni imesimamishwa miezi sita,
jina libandikwe ubaoni,
madeni yalipwe kabla haijarudishwa.
Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika polepole
nikijiuliza atalipa kwa kazi ipi
mtu tuliyemnyima kazi.
Swali hilo halimo katika kumbukumbu za kikao. Limo humu.

Akaitoa leseni katika bahasha ya kaki.
Pembe zake nne zilikuwa na weupe, palipokuwa na fremu.
Nikaipiga muhuri. Muhuri wetu huvuja;
uliniachia kidole gumba cha buluu
nikakificha chini ya meza, sijui kwa nini.

Saa kumi mvua iliteremka kutoka Wanale
bila kupiga hodi. Nilikuwa nafunga madirisha
nikawaona chini, kibarazani, wawili tu;
wa mbao na wa saruji walishaondoka na magari yao.
Wopuwa alikuwa anajipapasa mifuko, wa shati,
wa suruali, wa shati tena,
kama mtu anayemtafuta ndugu.
Alichosema sikukisikia. Nilimsikia yeye:
"Hadi Nkoma? Elfu mbili. Mvua hii watataka tatu."

Akafungua fundo la leso, akahesabu noti, akampa.
Kisha akalitoa daftari kifuani,
akaligeuza nyuma, akalamba ncha ya penseli
na chini ya vile vijiti thelathini na moja
akaandika taratibu, akitamka kila neno:
Wopuwa. Nauli. Elfu tatu.

Akamgeuzia atie sahihi.
Akatia.