Miezi Kumi na Tisa

Mimi ndiye mwenye muhuri.
Dirisha la tatu, Ilemela, usajili wa vizazi,
feni moja inayopuliza upande mmoja tu.
Nimezoea kuombwa: ongeza, punguza,
huyu anataka shule, yule hataki kustaafu.
Tarehe kwa watu wengi ni dagaa juu ya turubai,
jua likisogea, nazo unazisogeza.

Alhamisi akaja Bwana Rweyongeza, viatu vyeupe,
nyuma yake kijana, nyuma ya kijana mama,
Nkwimba wa Igombe, kanga bado ina magamba.
Akatandaza karatasi polepole,
kama anayemtandikia mgonjwa.

Ibara inasema, akasema,
mchezaji hahami nchi kabla ya kutimiza kumi na nane.
Lakini ina milango. Mmoja ni mzazi:
mzazi akihamia huko kwa sababu zisizohusiana na mpira,
mtoto anaweza kumfuata.
Basi mama akatafutiwa kazi, kufua mashuka ya hoteli
katika mji wenye theluji miezi mitano.
Alitakiwa tu aandike, kwa mkono wake, sababu.

Nkwimba aliandika wiki mbili.
Kila sentensi aliyoianza, mpira ulidundia katikati.
Nahamia kwa ajili ya kazi. Kazi gani, na mwalo upo?
Nahamia kwa ajili ya afya. Nani kaugua?
Mwisho akairudisha karatasi ina neno moja:
Mayala.
Jina la mwanawe. Hakuwa na sababu nyingine duniani.

Ndiyo maana wako dirishani kwangu.
Mlango wa pili ni mimi.
"Miaka miwili tu, dada. Wino hauishi."
Bahasha ilikuwa imevimba kama andazi.

Nikamtazama kijana. Mguu wake wa kushoto
ulikuwa unachezea kizibo cha soda chini ya benchi,
kisigino, kidole, kisigino,
na kizibo hakikulia sakafuni hata mara moja.
Nilishamwona Igombe, uwanja wenye jiwe kubwa kwenye kona,
wavu wa goli ni kokoro lililonusurika moto
siku maafisa uvuvi walipochoma zana haramu:
matundu madogo, hata kitoto cha sangara hakipenyi.
Alipiga akiwa karibu na lile jiwe.
Mpira ukapinda kama umeitwa.
Sitasema zaidi. Nililia kidogo.

Nikafungua daftari la zamani, linanuka mende.
Kwetu Usukuma jina ni cheti cha kwanza,
hutangulia karatasi zote:
Mayala ni wa njaa,
wa mwaka ule mtama ulipokaukia shinani,
bibi yake akauza ng'ombe wa mwisho, yule mwenye baka.
Nikimrudisha nyuma miaka miwili
namzalisha mama yake mwaka wa mavuno,
ghala limefura, watu wanacheza ngoma.
Nani angempa mtoto wa shibe jina la njaa?

Nikamuuliza Bwana Rweyongeza: na jina nalo tubadilishe?
"Ikibidi," akasema.
Nkwimba akaokota mkoba wake, akatoka.

Usidhani nilikuwa jasiri.
Nina mtoto mwenye pumu.
Ile bahasha niliitazama mara tatu.

Kijana nilimkuta kwenye ngazi, jua la saa nane.
Nikamwambia: una miaka kumi na sita na miezi mitano.
Sheria hii wameiweka kwa ajili ya wale
walioachwa stesheni za ugenini na begi moja la viatu,
wakala kazima simu.
Imebaki miezi kumi na tisa. Si mingi.

Akakigeuza kizibo kiganjani.
"Kwenye karatasi si mingi," akasema.
"Goti langu halijui kusoma."

Akashuka ngazi moja moja,
mguu wa kushoto ukitangulia kila mara.