Dhahabu ya Kuchovya

Aliileta Jumanne, ndani ya boksi la buti,
imeviringwa taulo lenye madoa ya lami,
maana Russell Tidd ni fundi wa mapaa huko Torrington
na kila akigusacho hunuka paa.
"Ya babu," akasema. "Nataka ing'ae yote."
Bwana Petraitis akavaa miwani,
akachungulia tundu kama daktari wa masikio,
akaandika namba ya bastola kwenye daftari la serikali,
kisha akanisogezea mezani:
"Bi Mize, kazi yako."

Mimi Tanga nilikuwa somo.
Nimewasinga mabibi harusi arobaini na mmoja,
liwa, karafuu, maji ya waridi,
na hapa Waterbury, mji ulioyeyusha shaba hadi shaba ikaukimbia,
nafanya kazi ileile,
ila wanaoletwa ni wa chuma.

Kwanza kuvua. Springi, pini, vibao vya mpini,
kila kimoja na kisahani chake,
kitakachopotea kitanidai.
Kisha tindikali, na ule weusi wa zamani ukaambuka
kama masizi ya sufuria.
Chini yake chuma cheupe, kina haya.
Na mkwaruzo. Mmoja tu, ubavuni, urefu wa ukucha.

Gurudumu la kung'arishia lilikwisha anza kuvuma
niliposikia Russell bado yuko mlangoni:
"Huo usiufute."
Sikuuliza. Somo haulizi kovu limetoka wapi,
hulipitia taratibu kuliko kwingine.

Magadi ya moto. Maji. Magadi tena.
Usafi hupimwa hivi: unammwagia maji,
yakikatika vipandevipande, bado ana mafuta,
yakimshuka kama shuka moja, yu tayari.
Alinikatalia mara tatu.
Jasho la babu wa watu, hata akiwa kaburini,
halitoki upesi.

Mdomo nikauziba kwa mpira.
Ndani hakupambwi,
risasi ya kwanza ingekomba kila kitu.

Koti la nikeli. Halafu lile birika dogo la mwisho,
dawa yenye joto la uji wa mgonjwa
na sumu ya kumaliza mtaa.
Petraitis anapunguza umeme, anaongeza, anapunguza,
midomo ikihesabu kwa Kilithuania cha mama yake.
Dakika tano. Nikaivuta juu kwa ndoano
na karakana nzima,
hata Besnik wa kufunga maboksi, asiyeshangaa kitu,
ikanyamaza.
Ilikuwa nzuri. Niseme kweli, ilikuwa nzuri mno,
na vidole vyangu vilitaka kupiga vigelegele
kabla sijavikanya.

Ijumaa Russell alikuja na shati lililopigwa pasi.
Hakuishika. Alifumba mikono mgongoni
kama mtu mbele ya mkwewe.
"Bado itapiga?"
"Itapiga," Petraitis akamjibu. "Ila kila ukipiga itafifia.
Hata vidole vitupu huila."
"Basi haitapigwa," akasema,
upesi sana, kama jibu alilokuja nalo toka nyumbani,
toka miaka.
Kisha akatoa leso, akaifunga kwenye kidole gumba,
akapapasa ubavu, polepole, akatafuta.
"Upo," akasema.
Akalipa dola mia nane, noti za ishirini ishirini,
zote zikinuka paa.

Jioni nikasuuza birika.
Maji ya suuzo hatuyamwagi, yana vumbi lake,
Petraitis huyaweka kwenye pipa kama mtu awekaye akiba ya haji.
Nikapiga hesabu: dhahabu yote ile, toka mtutu hadi mpini,
ukiikwangua, ukaiyeyusha, ukaiweka mzanini,
haipati kipini cha pua cha binti yangu.
Na watu watatu wazima tulikuwa tumeshusha pumzi.

Kwenye sinki kilibaki kile kizibo cha mpira,
cheusi, bado kina duara la mdomo wake.
Nikakiosha. Nikakikausha kwa kanga.
Nikakirudisha kwenye droo ya vizibo,
kingoje mdomo mwingine.