Jicho Linalohesabu Giza

Usiku wa Jumanne, Poznań, chini ya posta ya zamani,
Bogna yuko peke yake na mashine inayopokea mwanga
chembe moja moja, kama mtu anayelipwa kwa senti.
Uzi wa kioo unatoka benki, ng'ambo ya mto Warta,
unapita chini ya reli. Tramu ikipita
kioo hutetemeka, chembe hugeuka uso,
kosa hupanda: tatu kwa mia, nne, tatu na nusu.

"Ni tramu," husema Bwana Lechosław. "Andika: tramu."
Basi ameandika tramu. Miezi saba, tramu.
Siku za theluji ameandika theluji.
Na kwenye karatasi za mauzo imeandikwa:
*Anayechungulia huacha alama. Sheria ya maumbile haihongeki.*

Kweli, haihongeki.
Lakini sheria haikai ndani ya kisanduku. Ndani ya kisanduku
mna jicho la bei nafuu, limegandishwa nyuzi arobaini chini ya sifuri,
na jicho hilo lina ugonjwa: huona visivyokuwapo.
Hakuna mwanga, nalo linagonga: ta.
Giza tupu: ta. Ta-ta.
Bogna amelizoea kama unavyozoea kikohozi cha jirani.

Saa nane na robo kikohozi kikakoma.

Kosa likashuka. Funguo zikatoka safi, ndefu,
taa ya kijani ikatulia.
Lechosław angefungua chupa.
Bogna alivua miwani.

Nani ahangaike kuchungulia chembe?
Mtu amelimwagia jicho mwanga,
adhuhuri nzima kupitia tundu la sindano,
likapofuka; na sasa kipofu
akiambiwa "ona moja" anaona moja,
akiambiwa "sifuri," sifuri.
Sheria iko mlangoni na sare yake. Haikuguswa.

Akapiga simu chumba cha tatu.
"Dobrochna. Ni wewe?"
Kicheko. Mjaribu wa kukodiwa, siku ya tisa ya mkataba,
leza isiyozidi kalamu, kahawa iliyopoa.
"Umechelewa dakika kumi na moja. Funguo zote ninazo."
"Zima."

Kimya kidogo. Kisha: ta.
Ta-ta.
Tatu kwa mia.

Akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa, miezi,
tramu, tramu, theluji, tramu,
mwandiko wake mwenyewe, mzuri.
Safu ya SABABU ya usiku ule ilikuwa bado tupu.
Juu ya dari tramu ilipita, aliisikia vizuri kabisa,
na akaandika: *sijui*.