Nafasi Moja

Nilitaka kufuta folda moja tu,
picha za mizinga zilizojirudia.
Kidole gumba kikagusa kitufe kirefu
pasipotakiwa.
Nafasi moja, upana wa punje ya mtama,
nami tayari nimeshaamuru, kama bosi,
mzizi mzima ung'olewe.

Nikakatiza.
Ilikuwa imekula mengi. Haikuwa imefika nyumbani.

Sikonge, saa nane mchana. Ofisi ya ushirika inanuka nta.
Naita orodha: amri haijulikani.
Naita nakala: amri haijulikani.
Hata ya kuzima haijulikani,
nayo ndiyo ingenimaliza.

Kashindye, fundi redio wa Tabora mjini,
alinisikia kwenye simu kabla sijasema neno.
"Usizime. Hapo inaishi kwa kumbukumbu tu.
Iko amri ya mwangwi, hiyo haikai kwenye diski,
imo mdomoni mwake.
Iandike, kisha nyota."

Mwangwi. Nyota.
Majina yakaja yamebanana mstari mmoja,
madeni mizani msimu-wa-pili wanachama,
nikayahesabu kama mbuzi asubuhi ya fisi.

Nyanzobe akaingia na ndoo mbili za asali.
"Mzani umekufa?"
"Mzani mzima, mama. Mimi ndiye nimekufa."
Akakalia ndoo yake, akatandaza kanga magotini.
Tunamdai? Hapana, anatudai yeye:
laki nne na themanini, nyuma ya kioo,
chumba kisicho tena na mlango.
Sikumwambia.

Flashi ilifika jioni na lori la tumbaku,
ndani ya pakiti ya karanga, na karanga nne zimebaki.
Mashine ikaamka kwa roho ya kuazima,
ikalitazama tumbo lake lenyewe
kama mgeni anayeoneshwa nyumba.
Faili zikahama. Asilimia tatu. Tisa.
Taa ikafifia, nikashika meza,
taa ikarudi.

Mfumo mpya uliingia usiku,
hauna picha yoyote, haujui hata saa.
Kashindye hakutaka hela. Alitaka lita moja,
ya mgando, ya msimu huu.

Nyanzobe bado yupo.
Kilo ishirini na tatu na robo.
Nikaandika kwenye daftari la karatasi kwanza,
kisha kwenye mashine,
na kati ya jina lake na uzito
nikaacha nafasi moja,
kidole kikitetemeka.