Hodi ya Februari

Gregor, bosi wangu, husema: mstari wa kwanza ndio duka,
asiposimama hapo hasimami tena.
Nikaandika: Mteja wetu mpendwa.
Nikafuta.
Mpendwa wa nani? Sijawahi kumwona.
Nikaandika: Habari njema! Ofa ya Februari!
Nikafuta hiyo pia; alama ya mshangao ikabaki
peke yake kwenye skrini,
kama mgeni aliyefika harusini siku moja mapema.

Tunauza mizani. Unaiweka chini ya mzinga,
inakuletea uzito kwenye simu asubuhi na jioni,
usitoke kwenye theluji.

Watu mia nne na kumi na wawili, wafuga nyuki watupu,
wengi wamevuka sitini,
kuanzia Maribor hadi mpaka wa Austria.
Orodha inawajua kwa majina na namba za posta.
Mimi nilimjua mmoja, mjomba Lojz,
ambaye kila Februari, theluji ikimfika magotini,
alipitia mizinga yake kumi na saba
akigonga kila mmoja kwa kifundo cha kidole,
mara moja, polepole,
kisha akaweka sikio na kubana pumzi.
Wakivuma, alisogea kwa wa pili.
Wakinyamaza, alivua kofia.

Kumbe ni hodi tu.
Hodi si tangazo. Ukishaipiga unanyamaza,
mlango una mwenyewe.
Na mimi miaka sita hii
nimepiga teke milango ya watu nikiita huko ni kusalimia.

Nikaandika:
Umeshaweka sikio kwenye mzinga wiki hii?

Gregor akauliza, bidhaa iko wapi?
Nikamwambia, mstari wa nne, inangoja kukaribishwa.
Akaguna. Hakuguna vibaya.

Tukaituma Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi,
saa ambayo mfuga nyuki ameshika kahawa
na hajakumbuka mgongo wake.

Walionunua: kumi na tisa. Gregor akaleta keki.
Aliyejibu: mmoja, Štefka Žlender.

"Aliyekuwa anaweka sikio tulimzika Novemba.
Barua imekuja kwa jina lake, nimeisoma mimi.
Nikavaa buti zake, zinanipwaya, nikaenda.
Nikagonga. Sikujua niwaambie nini.
Wamo.
Mizani siitaki."

Nikafungua orodha nimwondoe Vinko Žlender.
Kompyuta ikataka sababu, ikanipa tatu za kuchagua:
barua nyingi mno, hazimhusu, hakujiandikisha.
Nikaifunga bila kuchagua.

Tangu juzi namwandikia mkewe,
bila nembo, bila ofa, bila cha kubofya.
Mimi ninayelipwa kwa mistari ya kwanza
nimefika "Mama Štefka" na mkato,
na kifundo cha kidole kiko hewani.